Uzio wa Mwadui na Roketi za Shaba

Anayesafiri kwa basi kutoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ambao ungekuwa kituo cha kununulia soda na mahindi ya kuchoma tu kama usingepakana na mgodi wa Mwadui. Kwenye vibaraza vya maduka hukaa madalali wa almasi. Mmoja hufungua karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mna chembe ambayo asiyejua angeidhania chumvi ya mawe. Mnunuzi huisogeza jichoni na lenzi ndogo, huigeuza, hunyamaza, kisha hutaja bei ambayo dalali huicheka kwa sauti. Ukitoka nje ya mji kidogo unakutana na uzio. Wanaouvuka usiku kwenda kutafuta mawe huitwa wabeshi, na kila mtoto wa Maganzo analijua neno hilo kabla hajajua kusoma.

Habari hii inahusu roketi za watu binafsi, biashara ambayo leo magazeti huizungumzia kana kwamba ilizaliwa juzi Marekani. Lakini haina budi ianzie kwenye uzio huo. Kampuni inayotaka kwenda juu huanza kwa kuomba chini: eneo, geti, kiwanja cha ndege, na kipengele cha mkataba kinachosema nani haruhusiwi kupita. Watu wa Shinyanga na Geita hawajawahi kuona roketi ikirushwa kwao. Nusu ya kwanza ya mikataba ya namna hiyo, hata hivyo, wanaijua kwa moyo.

Mwanajiolojia John Thoburn Williamson, Mkanada aliyesoma Chuo Kikuu cha McGill, alifika Tanganyika katika miaka ya 1930 akawa mtafiti wa almasi upande wa Mabuki. Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa, yeye hakukata. Alizunguka Usukuma miaka kadhaa akiwa na madeni, gari bovu na malaria isiyoisha, mpaka Machi 1940 alipouona mwamba wa Mwadui. Wasimuliaji wa huko wanapenda kusema jiwe la kwanza lilikuwa chini ya mbuyu. Iwe hivyo au isiwe, mwamba wenyewe ulikuwa na ukubwa wa hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani, na Williamson aliushika kwa jina lake mwenyewe akisaidiwa na wakili Iqbal Chand Chopra, ambaye alikuja kuwa mshirika wake.

Kilichoota juu ya mwamba huo ni zaidi ya mgodi. Ndani ya uzio zilijengwa nyumba, hospitali, shule, maduka na kiwanja cha ndege, na mfanyakazi aliyetaka kutoka alipita kwanza mikononi mwa walinzi. Mwaka 1947 liliokotwa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi, likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya ua la kubandika kifuani. Picha za Malkia akiwa amelivaa zimezunguka dunia nzima. Anayeziangalia akiwa Maganzo huona kwanza uzio, ndipo aone ua.

Kwa muda Williamson aliwakatalia De Beers, waliokuwa wameshika soko la almasi duniani. Hiyo ndiyo sababu wengi bado wanamtaja kwa heshima: mtu mmoja, mwamba mmoja, hana bosi. Alifariki huko huko Mwadui Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, na mwaka huohuo ndugu zake wakauza. De Beers wakachukua nusu, serikali ya Tanganyika nusu. Baadaye serikali ikachukua yote, mwaka 1994 De Beers wakarudi na asilimia 75, na mwaka 2009 fungu hilo likaenda kwa Petra Diamonds. Wenye mgodi wamepokezana. Uzio haujahama.

Sasa vuka Ziwa Tanganyika.

Upande wa pili, kaskazini mwa Katanga, Mto Luvua hutoka Ziwa Mweru na kushuka kuelekea Lualaba. Mobutu, rais wa Kongo ambayo wakati huo iliitwa Zaire, alikuwa ameubadilisha jina mkoa huo ukaitwa Shaba, neno la Kiswahili kama lugha ya wakazi wake wengi wa mijini, na jina lilitaja wazi kilichokuwa kikitafutwa humo. Mwaka 1976 serikali yake iliweka saini mkataba na kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo Orbital Transport und Raketen AG, ambayo dunia iliifahamu kwa kifupi cha OTRAG. Haikuomba shaba wala bati. Iliomba mahali pa kurushia roketi.

OTRAG ilianzishwa mwaka 1975 na mhandisi Lutz Kayser, mzaliwa wa Stuttgart, na ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kujaribu kufanya urushaji wa setilaiti kuwa biashara ya watu binafsi. Arianespace, ambayo kwa kawaida huitwa mama wa biashara hiyo, ilizaliwa mwaka 1980. Elon Musk alianzisha SpaceX mwaka 2002. Kwa hiyo historia ya jambo hili linalodhaniwa kuwa la California na Texas ina ukurasa wake wa mwanzo kwenye nyanda za Luvua, mahali palipoitwa Kapani Tonneo, kati ya watu ambao asubuhi waliamkiana kwa Kiswahili cha Katanga.

Wazo la Kayser lilikuwa la fundi wa mtaani, na hapa ni sifa, si kebehi. Roketi za serikali zilikuwa kama saa za dhahabu: kila kipande kimechongwa pekee, kwa bei yake. Yeye alitaka kitu kama lori. Alichukua mabomba membamba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 27, akajaza sehemu moja mafuta ya jamii ya dizeli na sehemu nyingine tindikali ya naitriki, akaweka injini ndogo chini. Bomba moja ni roketi moja. Ukitaka nguvu zaidi, funga mengine pembeni kama mzigo wa kuni: manne, kumi na sita, mamia. Kufungua na kufunga mafuta kulifanywa na mota ndogo za umeme ambazo dereva yeyote anazijua, zile zinazoendesha waipa za kioo cha gari. Fundi wa gereji ya Kahama angeitambua mota hiyo kwa kuishika tu, hata kabla ya kuambiwa imetoka kwenye roketi.

Fedha zilitoka kwa mamia ya Wajerumani wenye kipato kikubwa, ambao sheria ya kodi ya wakati ule iliwaruhusu kuhesabu hasara ya uwekezaji na kupunguziwa kodi. Wapo waliolipenda anga. Wapo pia waliopenda punguzo. Heshima ya kiufundi aliileta Kurt Debus, mkurugenzi mstaafu wa Kituo cha Anga cha Kennedy kule Florida, aliyekubali kuwa mwenyekiti wa bodi, na Wernher von Braun alitoa ushauri kabla ya kufariki mwaka 1977. Majina hayo mawili yalifungua milango na kuziba mingine, maana wote wawili walikuwa wametengeneza makombora ya V-2 ya Hitler kabla ya kuchukuliwa na Marekani.

Na kwa nini Kongo? Kwanza, Ujerumani Magharibi ilifungwa na masharti yaliyofuata vita yasiyoruhusu iunde makombora ya masafa marefu nyumbani. Pili, ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta husafirishwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa bila kunyanyua mguu, na roketi inayoondoka hapo huanza safari na zawadi hiyo mfukoni. Kwa kipimo hicho Geita ni bora kuliko Kapani Tonneo. Mji wa Geita uko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mstari mmoja hivi na Ngomeni karibu na Malindi, mahali ambapo Waitaliano walikuwa tayari wanarusha roketi kutoka kwenye jukwaa la chuma baharini. Kapani Tonneo ni karibu nyuzi 8. Lakini Usukuma una watu, mashamba ya pamba na ng'ombe, na roketi humwaga vipande vyake njiani. Wachora ramani wa Kayser walitafuta pahali palipoonekana tupu.

Pahali panapoonekana tupu kwenye ramani, kwa kawaida, ni pahali ambapo mchora ramani hajafika.

OTRAG ilipewa haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba 100,000 mpaka mwaka 2000. Ni muhimu kulisoma tena taratibu. Mkoa wa Shinyanga una kilomita za mraba 18,900 hivi na Geita 20,050 hivi. Ongeza Simiyu, ongeza Mwanza pamoja na maji yake yote, bado hujalijaza eneo hilo. Kilikuwa kipande cha nchi kikubwa kuliko Austria, kwa kampuni iliyokuwa bado haijarusha kitu. Mwaka 1977 jarida la Afrique-Asie la Paris liliuchapisha mkataba, na wasomaji wakaona vipengele vilivyoipa kampuni matumizi ya pekee ya ardhi pamoja na kinga kwa watumishi wake. Waandishi wa Kiafrika waliousoma hawakuhitaji mwanasheria. Wengi walikulia kwenye nchi zilizowahi kutawaliwa na kampuni zenye hati kama hiyo, na Katanga yenyewe iliwahi kuwa mikononi mwa moja.

Kambi ilijengwa. Njia ya ndege ilifyekwa, na ndege za mizigo aina ya Argosy, zenye tumbo kubwa na mikia miwili, zikawa zinaleta mabomba, mafuta na chakula. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza ya mabomba manne ilipaa salama. Kama mtu akitafuta siku ambayo biashara binafsi ya roketi ilianza kutoka kwenye karatasi, siku hiyo ina nguvu ya kudai.

Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, nayo ikafaulu. Wiki hiyohiyo, kusini mwa mkoa huohuo, waasi walikuwa wameuteka mji wa Kolwezi na askari wa miavuli wa Kifaransa walikuwa wakishuka kuukomboa. Katikati ya hayo yote kulikuwa na Wajerumani porini wakirusha vyuma vinavyowaka, chini ya bodi yenye wahandisi wa V-2. Moscow ilisema ni majaribio ya makombora ya kijeshi yaliyofichwa kwa jina la biashara. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliongeza chumvi. Majirani wa Zaire walikuwa na sababu zao za kutazama anga kwa wasiwasi, kwani kitu kinachoweza kubeba setilaiti kinaweza kubeba kingine. Kayser alikana mpaka mwisho wa uhai wake, na hakuna aliyetoa ushahidi wa bomu. Ila lawama ya siri haiwezi kuondolewa na kampuni ambayo mkataba wake wenyewe ulihitaji jarida la Paris ndipo raia waujue.

Kisha ikaja tarehe 5 Juni 1978. Safari hii Mobutu mwenyewe alikuwepo, kofia ya chui kichwani, fimbo mkononi, na wageni wake wamepangwa kwenye viti. Ipo filamu ya tukio hilo. Roketi inaondoka vizuri, watu wanainua nyuso, halafu chuma kinaanza kuinama kama mlevi anayetafuta ukuta, kinageuka, kinaanguka bondeni. Anayetazama filamu hiyo leo huacha roketi akamwangalia rais. Ni mtu aliyezoea kupigiwa makofi, na hapo hakuna aliyejua kama apige.

Aprili 1979 Mobutu alitangaza kuwa OTRAG hairushi tena. Bonn, chini ya Helmut Schmidt, ilikuwa imechoka kueleza kwa Warusi habari za kampuni isiyo yake. Kampuni ilihamia Libya ya Gaddafi, ikafanya majaribio jangwani mwaka 1981, na kwa dunia ya Magharibi huko kulikuwa kutoka kwenye moshi kuingia motoni. Ilirusha kwa mara ya mwisho Kiruna, Sweden, mwaka 1983, kisha ikafa taratibu. Haikuwahi kufikisha setilaiti yoyote juu.

Lingekuwa kosa kudhani Shaba ilikuwa kioja cha Mobutu peke yake. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari imeshakutana na anga kwa mikataba ya watu wengine. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury huko Tunguu, Unguja, na wakati John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 mafundi wa Tunguu walikuwa miongoni mwa waliosikiliza mapigo ya moyo wake. Wazanzibari waliandamana kukipinga kituo hicho. Baada ya Mapinduzi, Rais Karume alitaka kiondoke, na Aprili 1964 kikafungwa. Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio kule Ngomeni walidumu zaidi: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, walirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru, na jukwaa lao lilirusha mara ya mwisho mwaka 1988. Hizo zilikuwa shughuli za serikali na vyuo. Upekee wa OTRAG ni kwamba nyuma yake hapakuwa na taifa lililokubali kuitwa lake, na kwa hiyo ilipolaumiwa haikuwa na balozi wa kuitetea.

Linganisha na yaliyotokea Usukuma miaka kumi na saba baada ya Mobutu kuizuia OTRAG. Bulyanhulu, katika Kahama ya wakati ule, ilikuwa machimbo yenye maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maduara yao, matimba ya miti ya kuzuia kuta, na mgawanyo wa viroba unaomhesabu kila mtu, kuanzia mwenye duara hadi mama muuza maji. Mwaka 1994 kampuni ya Kanada, Sutton Resources, ilipata leseni ya eneo. Agosti 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji waondoke, na mashine zikafukia mashimo. Madai kwamba wapo waliofukiwa humo yalikanwa na serikali na kampuni, na ubishi wake haujazimika mpaka leo. Kampuni ya Barrick iliununua mradi mwaka 1999 na mgodi wa chini ya ardhi ukafunguliwa mwaka 2001. Bulyanhulu nayo, kama nyanda za Luvua, kuna karatasi iliyoihesabu kama eneo lililo wazi.

Geita ilikuwa na historia ndefu zaidi. Mgodi wa zamani ulichimbwa tangu 1936 hadi 1966, kisha machimbo yakabaki kwa wenye sururu, mpaka kampuni kubwa ziliporudi na mgodi mpya ukaanza mwaka 2000, ambao leo ni wa AngloGold Ashanti. Kutoka huko Kiswahili kilipata neno magwangala: mawe ya kifusi ambayo mgodi umeyahesabu kuwa hayana faida. Kwa miaka mingi wakazi wa Geita waliyadai. Mwanamke anakaa kivulini, jiwe moja chini, nyundo mkononi, anaponda magwangala mpaka yawe kokoto, kutwa nzima, ili apate unga wa kuosha wenye chembe zisizojaza kucha. Kwa mwenye mitambo ni takataka. Kwake ni ada ya shule.

Kiasi cha dhahabu ambacho sayansi ya anga huhitaji si kikubwa kuliko hicho anachokitafuta mwanamke huyo kwa miezi. Vioo 18 vya darubini ya James Webb, iliyorushwa na Arianespace siku ya Krismasi ya 2021, vimepakwa dhahabu ya gramu 48 hivi, utando mwembamba mno. Almasi nayo imeshasafiri. Mwaka 1978, mwaka uleule wa aibu ya Mobutu, Marekani ilipeleka chombo kwenye sayari ya Zuhura chenye kidirisha cha almasi cha karati 13.5, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichoweza kuvumilia joto na mgandamizo huku kikipitisha miali ya joto. Jiwe hilo lilitoka Afrika Kusini, si Mwadui. Inasimuliwa kwamba ushuru wake wa forodha ulirudishwa, kwa hoja kuwa lilikuwa limeondoka nchini moja kwa moja. Afisa ushuru wa Tanzania angependa kuisikia hoja hiyo mara mbili.

Maana hapa ushuru si mzaha. Machi 2017 serikali ilizuia bandarini Dar es Salaam makontena ya mchanga wenye madini, yaani makinikia, neno ambalo wiki moja kabla lilijulikana kwa wakemia tu na wiki moja baadaye lilikuwa kwenye kila kijiwe cha kahawa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake. Mwaka 2019 Barrick walikubali kuunda Twiga Minerals, serikali ikashika asilimia 16. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu jinsi mambo yalivyoendeshwa. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa sahihi: kilichomo ndani ya kontena ni nini, na kimeandikwa na nani?

Swali hilo sasa limepanda juu. Mkataba wa kimataifa wa anga wa mwaka 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha Mwezi wala sayari. Novemba 2015 Marekani ilipitisha sheria inayomruhusu raia au kampuni yake kumiliki madini atakayoyachimba huko. Luxembourg, nchi ndogo isiyo na roketi, ilifuata mwaka 2017. Mwanasheria atasema kumiliki mawe si kumiliki ardhi. Mchimbaji wa Kahama ameshaisikia tofauti hiyo. Leseni humpa mtu madini. Aliyekuwa akilima juu yake hubaki na hati ya ardhi na hodi ya tingatinga. Tofauti moja tu ni kwamba kwenye asteroidi hakuna mkulima, au hivyo ndivyo ramani inavyosema.

Biashara yenyewe imekua kwa kasi ambayo wawekezaji wa Kayser wangeililia. SpaceX ilipeleka mizigo kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2012 na wanaanga Mei 2020. Roketi zake hutua zikiwa wima na kurudi kazini, na Falcon 9 hubebwa na injini tisa zinazofanana, jambo ambalo Kayser angelitambua hata kama hakuna aliyelirithi kwake. Setilaiti ya kwanza ya Kenya yenye kazi kamili, Taifa-1, ilipanda na roketi hiyo Aprili 2023 kutoka California, ingawa Kenya ina jukwaa lake la kihistoria pale Ngomeni linalopigwa na chumvi. Setilaiti ya kwanza ya Uganda ilisafiri Novemba 2022 ndani ya chombo cha kampuni binafsi ya Northrop Grumman. Kwa nchi maskini, tiketi ya mwenzio ni nafuu kuliko basi lako.

Na vipande bado huanguka. Tarehe 30 Desemba 2024, kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kutoka angani. Haikumuua mtu. Wakala wa Anga wa Kenya ulisema ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba kwa kawaida vitu hivyo huungua vikishuka au huangukia maeneo yasiyo na watu, kama bahari. Mukuku nayo huenda ilikuwa imeonekana tupu.

Wakati huohuo mikataba ya ardhi imerudi. Januari 2023 Djibouti iliweka saini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kwa ajili ya kituo cha kurushia setilaiti upande wa Obock, mradi wa dola bilioni moja. Djibouti ilitakiwa kutoa ardhi isiyopungua kilomita za mraba 10 kwa muda usiopungua miaka 35. Ni punje ukilinganisha na shamba la Mobutu, na ni karibu mara saba ya mwamba wa Mwadui. Wanasheria wameboresha lugha tangu 1976. Muda, ukubwa na upekee wa matumizi vimebaki kwenye kurasa zilezile.

Lutz Kayser hakurudi kuishi Ujerumani. Miaka yake ya mwisho aliipitisha kwenye kisiwa kidogo cha Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki, na huko ndiko alikofariki Novemba 2017. Katika nchi hiyohiyo, kwenye kisiwa cha Omelek cha atoli ya Kwajalein, SpaceX ilishindwa mara tatu na kufaulu mara ya nne, tarehe 28 Septemba 2008, roketi ya Falcon 1 ilipofika kwenye mzingo wa dunia. Kwajalein ni kambi ya jeshi la Marekani iliyokodiwa kutoka kwa wenye ardhi wa Marshall. Katika miaka ya 1960 watu wa visiwa vya jirani waliondolewa ili makombora ya majaribio yapate pa kuangukia, wakapelekwa Ebeye, kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Maelfu wanaishi hapo wamebanana. Asubuhi wafanyakazi wao hupanda feri kwenda kambini kufua, kupika na kutengeneza mitambo. Jioni hupita ukaguzi getini na kurudi Ebeye, maana hawaruhusiwi kulala huko.